Gari Lipimwe na Dereva Wake

Mimi ni bonge, na sioni aibu. Ila ukiwa bonge halafu una kigari cha injini ndogo, kila Jumapili ya mashindano ya magari unakula vumbi la watu wembamba. Vumbi nililolila zaidi ni la shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ambaye klabuni tulimwita Unyoya. Kona alizikata vizuri, nakubali, lakini kwenye mlima aliniacha kama nimeegesha.

Ndiyo maana nilipeleka hoja mkutanoni: gari lisipimwe peke yake, lipimwe na dereva wake, na atakayepungukiwa uzito aongezewe vyuma chini ya kiti mpaka tulingane. Tulikutana kwenye gereji ya mwenyekiti, tumekalia matairi. Mizani ya magunia tuliiazima kwenye ghala la jirani.

"Mwili ni bahati ya mtu," alisema fundi rangi, mwembamba kama uzi. "Mbona mwenye macho makali hatumvalishi miwani ya giza?"

"Macho hayabebwi na injini. Mimi nabebwa."

"Basi punguza kula, Bonge!"

Gereji nzima ikacheka, na kicheko kile kiliniuma. Nikaona hoja yangu inakufa. Shemeji alikuwa amekaa karibu na mlango pamoja na kaka, amejifunika koti wakati sisi wengine tunavuja jasho. Hasira zikanipanda.

"Wengine si bahati," nikasema. "Wanajikondesha makusudi. Mimi ndiye fundi cherehani wenu, na msema kweli mpenzi wa Mungu. Ovaroli ya Unyoya nimeibana kiunoni mara mbili msimu huu. Mara mbili! Apande mizani tuone."

Fundi cherehani hukabidhiwa miili ya watu. Anajua nani kaota kitambi, nani ana mimba kabla mama mkwe hajajua, na kazi yake ni kufunga mdomo na kushona. Hayo yote niliyajua nikiwa nimesimama pale, na bado sikukaa.

"Si lazima, dada," alisema mwenyekiti.

"Acha nipande."

Akavua koti, akampa kaka, akapanda. Mwenyekiti akatazama, akaigonga mizani kwa kidole, akatazama tena.

"Arobaini na moja," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Hakuna aliyecheka. Bila koti, mifupa ya mabega yake ilionekana wazi chini ya blauzi. Kaka ni dereva wa lori la masafa, nyumbani kwake hupita kama mgeni, na nilimwona anamtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza amerudi safari.

"Unapunguza mwili ili ushinde?" akamuuliza polepole.

"Sipunguzi, baba watoto. Napungua." Akashuka. "Daktari ameona uvimbe tumboni. Nilitaka nimalize msimu kwanza. Nilijua ukisikia tu, utaninyang'anya funguo."

Natamani ningesema ardhi ipasuke inimeze, lakini mwili wangu huu ungemezwa na ardhi gani? Nilisema tu kwamba naiondoa hoja.

"Usiiondoe, shemeji," akasema. "Ni hoja ya haki. Pigeni kura."

Akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Wengine wakafuata wakiwa wameinamisha vichwa, hata fundi rangi. Hoja ikapita, na hakuna aliyenipongeza.

Nikawafuata nje. Kaka alikuwa ameshamkalisha mkewe garini, anamfunga mkanda kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Kaka, nisamehe. Sikujua ni ugonjwa."

"Ulipoibana ovaroli mara ya kwanza, ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Akasema ni mazoezi."

"Na mara ya pili?"

Mara ya pili nilikuwa nimeshika chaki mkononi, kitambaa kimebaki kingi, na nilichowaza ni ule mlima tu.

"Namba yangu unayo, mdogo wangu," alisema kaka. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Ungenipigia."

Akawasha gari, wakaondoka. Nilibaki mlangoni mwa gereji. Jibu nilikuwa nalo, ila sikuwa na uso wa kumpa. Siku ile nilipoibana mara ya pili nilipiga simu kweli, kabla hata sijakata uzi. Nilimpigia mwenyekiti, nikamwambia nina hoja ya kuleta.