Maharage ya Marcelina

Marcelina alikata majani ya alizeti pori na vigogo vya migomba, akavitumbukiza kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba ya Restituta pale Simbo, akalifunika kwa gunia. Vilipooza vya kutosha na harufu ikaanza kuwafukuza kuku, alichuja maji yake kwa khanga kuukuu, akayazimua, akamwagilia maharage shina kwa shina. Hakumruhusu mtu mwingine ashike kopo. Kwao Burundi, alisema, anayekoroga ndiye anayemwagilia, la sivyo maharage hayajui yamfuate nani. Restituta hakubisha. Mtu anayekulimia kwa sahani ya ugali unambishia nini?

Maharage yakamfuata. Akiwa kisimani, yaliinamia kisimani. Akipika, yaliinamia jikoni, pamoja na miti yote ya kuyaegemeza. Majirani waliona, wakasifia jinsi yalivyostawi.

Mwaka huo wa 1997 ikatoka amri kwamba mkimbizi yeyote aliye nje ya kambi akamatwe. Kwa mazungumzo Marcelina hakuwa na shida, maana Kirundi chake na Kiha cha Simbo havipishani sana, na Restituta alishawaambia watu kuwa ni mtoto wa dada yake wa Kasulu. Shamba ndilo halikujua kudanganya.  Restituta akamficha Marcelina ghalani, akayafunga maharage kwa kamba yaelekee ziwani. Kulipokucha yalikuwa yameinamia mlango wa ghala.

"Mama, yang'oe," Marcelina alisema kutoka ndani.

Restituta aliyatazama. "Yameshatoa maua, mwanangu. Tuvumilie kidogo."

Alijua anachosema. Aliwaogopa mgambo, lakini njaa aliiogopa zaidi.

Nikodemu, mgambo wa kijiji, alifika na wenzake. Alimwamkia Restituta kwa adabu, akauliza habari za nyumbani, akalitazama shamba, kisha akaenda moja kwa moja ghalani. Marcelina akapandishwa kwenye lori, kopo bado mkononi. Kabla ya kuondoka Nikodemu aliomba ndoo ya mbolea kwa ajili ya njegere zake, akapewa.

Maharage yalizaa kupita kiasi, yote yakiwa yamelalia barabara ya kambini. Hata yalipokwisha kupigwa na kupepetwa, yalijisogeza upande huohuo wa gunia. Baadaye yakahamia upande wa kaskazini, Restituta akajua wamemrudisha kwao. Sufuriani nako yalijikusanya kaskazini. Alikoroga, yakarudi, akazoea.

Siku moja alifunua sufuria akakuta yametandaa sawasawa, hayaelekei popote.  Akakaa chini pale jikoni na mwiko wake, mpaka yakaanza kuungua.

Yaliyobaki aliyapeleka sokoni Kigoma, alikouza ya mwanzo. Wateja waliyapenda. Walisema ya safari hii yanaiva vizuri, hakuna upande unaobaki mbichi.