Bwana Samahani na Taa ya Mezani

Fundi saa alikuwa amestaafu, ila mikono yake ilikataa kupokea habari hizo. Masikio ya mkewe yalipozima kabisa, alinunua kompyuta ili atengeneze programu ya kusikiliza mlango na kuwasha taa ya mezani kila mtu anapogonga. Programu yenyewe iliandikwa na akili mnemba. Kazi yake yeye ilikuwa kuieleza anachotaka.

Jambo lilikuwa la haraka. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliwahi kugonga hadi akachoka, akaondoka akiamini dada yake amemfungia mlango makusudi. Kwa kubembelezwa sana alikubali kurudi kesho. Asipofunguliwa tena, undugu ungeishia pale kizingitini. Na kesho fundi alikuwa na miadi ya macho hospitalini.

“Imekamilika,” msaidizi huyo wa kompyuta aliandika.

Fundi akakohoa. Taa ikawaka.

Akalalamika. “Samahani sana, uko sahihi kabisa. Nimerekebisha.” Sasa taa haikujali kikohozi, wala mlango. Akalalamika tena. Safari hii msaidizi alifuta hata ile sehemu iliyokuwa nzima, kisha akatangaza ushindi. Kitufe cha kurudisha ya zamani kilikuwa kimejificha kama skrubu ya saa iliyoangukia zuliani.

Mkewe, ambaye siku hizi husoma midomo, alimgusa bega. “Huyo Bwana Samahani kasemaje?”

“Anasema tayari.”

“Hata wewe ulisema hivyo kuhusu bomba la jikoni, mzee wangu.”

Fundi akacheka bila kupenda, na hasira ikashuka. Akaandika: usiniambie tena kwamba imekamilika. Niambie ni kitu gani hukijui.

“Siwezi kuusikia mlango wenu,” msaidizi akajibu. “Nimekuwa nikikisia kwamba kugonga ni kishindo chochote. Mgeni wenu hugongaje?”

Fundi alivua miwani. Alikuwa amefunza vijana wengi kazi ya saa, na wachache sana waliwahi kumuuliza swali la maana namna hiyo. Akamgeukia mkewe, akalirudia polepole.

Mkewe alifumba macho. Kisha akagonga meza: mbili za haraka kwa vifundo vya vidole, kimya kidogo, halafu kofi moja zito la kiganja.

“Tangu utotoni,” alisema. “Yule hajawahi kugonga kama watu wengine.”

Mlio ambao hakuwa ameusikia kwa miaka, na bado alikuwa nao mzima mzima. Fundi alimtazama kama siku ya kwanza alipomwona. Akarekodi, akampa msaidizi. Akakohoa, taa haikuwaka. Akaangusha kijiko, haikuwaka. Mkewe akagonga, ikawaka.

Kesho yake, aliporudi kutoka hospitalini, alikuta ndala ngeni mlangoni. Shemeji yake alimdaka kabla hajakaa.

“Shemeji, dada yangu kweli hasikii?”

“Hasikii.”

“Basi amejuaje ni mimi? Kaniita Kipusa, jina langu la utotoni, kabla hajafungua.”

Mkewe, jikoni, alikuwa akicheka peke yake.

Fundi akaenda kumwandikia Bwana Samahani kwamba taa imefanya kazi, na ahsante.

“Nimefurahi sana. Ungependa niiboreshe kidogo?”

Fundi akaifunika kompyuta upesi, kabla mikono yake haijajibu.