Mrashi wa Mama Vifungo

Mrashi ni chupa ya kupendeza: tumbo la duara, shingo ndefu nyembamba, na kichwani vitundu vya kutolea marashi. Muulize yeyote, atakwambia ni chombo cha kumfurahisha mgeni. Huyo hajafika kwa Mama Vifungo.

Mama Vifungo alikuwa mshonaji, na jina lenyewe alilipata kwa sababu haikuwahi kutoka nguo mikononi mwake ikadondosha kifungo. Maneno yake kwa wateja yalikuwa asali tupu, ila kumwambia mtu aondoke kulimshinda tangu ujana wake. Kazi hiyo aliupa mrashi. Mgeni akizidisha kukaa, yeye huinuka taratibu, hufungua kabati la vyombo, huutoa mrashi wake wa shaba, kisha humrashia mgeni viganjani na mabegani huku akitabasamu. Mtaa mzima ulikuwa umeshaelewa. Mrashi ukitoka kabatini, viatu vinatafutwa. Majirani walitaniana, "Jana nimepigwa mrashi hata chai haijapoa." Kuna muuza masufuria alirashiwa akiwa bado kizingitini, akaenda zake akinukia kama bwana harusi.

Mrashi huohuo ulikuwa umewaondoa wachumba wawili wa Kitinda, binti yake wa mwisho, aliyebaki naye baada ya kaka zake kuoa na kuhama. Wa kwanza, Mama alisema anaongea mno. Wa pili alikuwa mkimya, na Mama akasema mtu mkimya ana lake jambo. Angeletewa malaika, angemtafutia kasoro kwenye mbawa. Ukweli ni kwamba aliogopa. Cherehani ilipiga kelele mchana kutwa, lakini ikishanyamaza, sauti iliyobaki ndani ya nyumba ilikuwa ya Kitinda tu.

Jumapili moja alasiri akaja wa tatu, fundi wa mafriji, ambaye wenzake humwita Fundi Baridi.

"Mama, huyu ndiye," Kitinda alikuwa amemwambia asubuhi. "Nakuomba, kabati lisifunguliwe leo."

"Kwani mimi nimeajiriwa na kabati?" Mama akajibu.

Fundi Baridi akaketi, akanywa chai, akatazama mapazia na kuuliza ni nani aliyeyapinda kwa mkono vizuri namna ile. Hakuna mgeni aliyewahi kuuona ule upindo. Mama Vifungo akahisi anampenda, na hapo ndipo hofu ilipompanda, maana huyu hakuwa wa kupita. Huyu angemchukua mwanawe kweli. Kikombe hakijafika nusu, Mama akainuka.

Alimrashia viganjani na mabegani, kama kawaida yake. Kijana akafumba macho, akajipaka usoni.

"Ahsante sana, mama. Heshima hii sikuitegemea." Kisha akafungua vifungo vya koti, akaegemea kiti, akaomba kikombe cha pili.

Mama Vifungo akautazama mrashi wake. Maisha yake yote hajaona mtu wa kuushinda mrashi. Akarudia, safari hii bila kubania, mpaka kola ikalowa.

"Jamani, mama," Fundi Baridi akacheka, "utanifanya nilale hapahapa."

Kitinda akajiziba mdomo kwa kiganja. Mama akautikisa mrashi mara ya tatu juu ya kichwa cha mgeni, marashi yakaisha, akaenda jikoni akaujaza maji ya bomba, akarudi kumalizia kazi. Maji yakamtiririka kijana puani. Akashukuru tena.

Kitinda akashindwa kuvumilia. "Hivi kwenu mrashi ni wa nini?"

"Bibi yangu alikuwa nao. Mgeni aliyempenda alimrashia ili akae. Ukirashiwa mara moja, unasubiri chakula. Mara tatu sijui, labda unapewa chumba."

"Kwetu ni kwaheri," Kitinda akasema polepole.

Fundi Baridi akamtazama Mama, maji yakimdondoka kidevuni. "Zote tatu?"

"Zote."

Akasimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. Hakununa wala hakuinua sauti. "Mama, samahani kwa kukuchosha. Nashukuru kwa chai." Akatoka. Afadhali angebamiza mlango.

Kitinda naye hakugomba. Alikusanya vikombe. "Sitaleta mwingine, Mama. Nitakaa hapa na wewe." Akaingia jikoni.

Mama Vifungo akaketi na ushindi wake. Maji yalisikika yakimwagika kwenye beseni, vikombe vikagusana, basi. Kitinda, ambaye hakuosha hata kijiko bila kuimba, alikuwa kimya. Ukimya ule ambao Mama aliukimbia miaka yote ulikuwa umeingia ndani, na binti mwenyewe hajaenda popote. Aliona aibu, aibu ya kweli, na alijua ni yeye aliyeukaribisha.

Akatoka mbio, miguu mitupu, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. Alimkuta kijana kwenye kona, mbele ya duka, anakamua mkono wa koti.

"Fundi, rudi ukae."

"Mama, usijali, nimeshaelewa."

"Hujaelewa kitu. Wewe huna kosa lolote. Naogopa kubaki peke yangu, ni hilo tu."

Muuza duka akajifanya anapanga sabuni. Fundi Baridi akaacha kukamua koti.

"Nikirudi, nikae mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nichoke."

"Sasa mama, ukichoka nitajuaje?"

Mama Vifungo akauvua utepe shingoni, akaukunja.

"Nitakwambia kwa mdomo wangu."