Redio ya Kuchomoa

Kila Jumapili Mzee Kivuva aliegesha Peugeot yake nje ya kanisa la Mbumbuni, akaichomoa redio kutoka kwenye dashibodi, akainyanyua kwa mpini wake wa chuma na kuipeleka kwa Muthoki, mjane aliyekaa hatua chache kutoka hapo, isije ikaibwa wakati wa ibada. Garini ilitumia umeme wa gari. Nje ilikuwa na betri zake nne. Mzee wa kanisa hakataliwi, kwa hiyo Muthoki aliiweka mezani kando ya cherehani.

Ikiwa garini, ilisema habari kama redio zote. Ikitolewa, ilisema yaliyowahi kusemwa ndani ya gari. Jumapili ya kwanza ilitoa mabishano kuhusu mbuzi aliyekojolea kiti cha nyuma. Ya pili alisikika Ndululu, marehemu mumewe Muthoki, siku aliyokuwa akipelekwa hospitali na Kivuva, safari ambayo alifia njiani.

"Mzee, twende kwanza," alisema kwa sauti iliyokauka. "Hiyo karatasi ya shamba nitaangalia nikipona."

Gari likasikika likizimwa.

"Weka kidole," Kivuva akasema, "halafu nawasha."

Muthoki aliacha kushona. Karatasi hiyo ndiyo iliyosema Ndululu ameuza shamba la mtoni, na mwisho wa mwezi Kivuva angelizungushia seng'enge. Alimwita naibu chifu, Kilonzo, ambaye aliisikiliza redio ikirudia maneno yale mpaka mwisho, akakubali kwamba sauti ni ya Ndululu hasa. Kisha akaulizia leseni. Leseni ilikuwa ya redio ya gari. Ikiwa mezani haikuruhusiwa kusema lolote, sembuse kutoa ushahidi. Mwenye nguvu mpishe, akamshauri, akaondoka.

Jumapili iliyofuata Kivuva alitoka kanisani mapema, akaketi, akapewa chai. Redio ikafika palepale.

"Baba Mumbua," Muthoki akaiambia redio, "usiweke hiyo kidole."

Ndululu akamjibu. "Nimekusikia, mama Mumbua. Lakini si mimi naweka. Ni yeye amenishika mkono."

Kivuva alipuliza chai yake. Alieleza kwamba mgonjwa alikuwa akitetemeka mno siku ile, na asingeshikwa, karatasi ingechafuka. Akaomba sukari kidogo.

Seng'enge iliwekwa mwisho wa mwezi, nguzo zikiwa zimenyooka vizuri. Redio iliendelea kuletwa. Betri zilipolegea, Muthoki alizitoa na kuzianika juani mpaka nyimbo za kufungua ibada zimalizike, akazirudisha, akakaa karibu. Mle redioni, gari lilipopita mtoni, Ndululu alimwambia Kivuva kwamba kunde zimechanua, na mwaka huu mke wake atavuna mpaka akose magunia.

Hapo Muthoki aliizima redio, kabla gari halijasimama.