Miguu ya Kitanda

…maana aliyeisimulia kwanza hadithi hii ya kitanda ni shangazi, jikoni, wiki ile tuliyomzika baba, akikata vitunguu kwa hiyo hakuna aliyejua analilia nini, na mimi ninayetunza kichwani kila linalosemwa katika ukoo huu niliipokea nikaiweka kando, kwenye fungu la mambo ya shangazi, kwani yeye mjusi akimpita mguuni asubuhi, jioni anasimulia mamba, na sasa nimesimama ndani ya shimo la gereji, taa mkononi, gari la baba liko juu ya vichwa vyetu, na fundi ananiambia, "Sogeza mwanga huku, dada, hapa kuna mti," … mti? … "Mti, mbao, kipande cha samani, sijui nikiite nini, kimebanwa kati ya springi na ekseli, na upande wa pili kipo kingine," fundi huyu wanamwita Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza, na huko juu naona viatu vya mdogo wangu vikitembea huku na huku ukingoni mwa shimo, yeye ana inchi sita kichwani, hana kingine, inchi sita kwa chai, inchi sita kwa simu, springi mpya, shokapu ndefu, matairi mapana, gari lisimame kama twiga, ili mvua hizi zilizoanza zisituzuie kuvuka pale bondeni, tumchukue mama kila wiki kwenda hospitali kusafishwa damu, daraja limeshakwenda na maji na mama hataki kuhama kutoka ng'ambo, anasema atahama siku nyumba itakapomtangulia, na figo zake hazitangoja mto upungue… nami nimekuja kusema hapana, gari liko kwa jina langu, baba alitaka hivyo, bila neno langu hakuna nati itakayolegezwa, na hapana yangu nimeipanga vizuri tangu nyumbani, kwamba gari likinyanyuliwa kiasi hicho uzito unapanda juu nalo, fundi mwenyewe amekiri, na ule mteremko wa kushukia mtoni umelala upande, litapinduka, na ndani yake ni mama… "Dada, umesikia? Mipira ya breki itabidi tuweke mirefu, na propela shafti itakuwa fupi, mimi nasema mapema, si kuweka springi tu mtu akaenda zake," nasikia, nasikia, lakini taa imetulia pale kwenye mti na siwezi kuiondoa, ni mweusi kwa oili na vumbi la miaka, ila fundi ameufuta kwa kidole gumba na hapo alipofuta kuna mfuo, mmoja, umeuzunguka kama pete, na pete hiyo naijua, kidole changu kinaijua kabla yangu, nilikuwa nikikaa sakafuni mama akinisuka, nikipitisha kidole kwenye pete ya mguu wa kitanda, kuzunguka, kuzunguka, mguu wa upande wa kichwani, kwa sababu upande wa miguuni kitanda chao kilikaa juu ya matofali… "Mama, miguu mingine iko wapi?" "Imesafiri." "Itarudi lini?" "Muulize baba yako," na baba, povu la sabuni mashavuni, akacheka peke yake ndani ya kioo… basi shangazi hakuongeza chumvi, jamani, mara hii hakuongeza, ndivyo alivyosema, mto umejaa, uchungu umemshika mama, mimi ndiye ninayetaka kuja duniani, na baba anaondoka, anakwenda mtoni peke yake, anaingia majini na suruali yake mpaka katikati, anarudi mbio, anasimama nyuma ya gari, anaangalia suruali ilipoishia kulowa, na alama ile imelipita bomba la moshi kwa ngumi moja, na nyuma ndiko atakakolala mama na shangazi kumshika, kwa hiyo nyuma ndiko gari litakakoshuka zaidi, akaingia chumbani, "Mwinueni kidogo, nataka miguu ya kitanda," na shangazi, kitunguu mkononi, "Wifi yangu analia, kaka yangu anakata kitanda kwa msumeno, nikasema leo nimebaki na vichaa wawili na wa tatu yuko njiani," tukacheka, tulicheka msibani, mimi nilicheka kuliko wote… na lile gari lilivyokuwa likiinama mbele lisipokuwa na mzigo, kama linatafuta kitu kilichodondoka, tukimtania baba kwamba limefanana naye, naye anakubali tu, aliwezaje kukubali tu miaka yote ile… "Na kimebeba mpaka leo," fundi anasema, anakigonga kwa kidole gumba, "aliyekiweka angeniuliza mimi ningemkatalia"… nainua mkono, naweka ngumi yangu kando ya kipande, inakaribia kuenea, inapungua unene wa kidole, ngumi yake ilikuwa kubwa, na mguu mzima wa kitanda kile ulifika magotini kwangu, mti alikuwa nao wa kutosha, angeweza kuweka wote na gari likapaa, akaukata, mkewe analia chumba cha pili na yeye anapima, anakata ngumi moja, kwa sababu mteremko ni uleule na yeye aliuogopa kama ninavyouogopa mimi, hofu hii niliyodhani ni yangu peke yangu… mimi nilipita hapa, juu ya kitu hiki, sijazaliwa, nikavuka, kitanda ambacho kwa adabu sitaki kufikiria kilianzaje kunileta ndicho kilichonivusha, nanyoosha kidole kuigusa pete na taa inakwenda upande, "Shika vizuri, dada"… "Inchi sita, ndiyo au siyo?" viatu vinauliza kutoka juu, "fundi ana kazi nyingine," na hapana yangu naitafuta pale nilipoiweka siioni, na ndiyo pia siioni, kuna suruali tu, iliyolowa, na mtu anayeitazama, nitamwambia twende mtoni, vua viatu hivyo, wewe na mimi, tuingie mpaka katikati, halafu turudi tusimame nyuma ya gari hili tulivyolowa, na pale maji yatakapokuwa yamefika, hapo na ngumi moja zaidi kwa uzito wa mama, fundi afunge chuma, si mti, wala asizidishe… bado sijasema, viatu vinangoja… shangazi hayupo, alimfuata kaka yake mwaka uliofuata, baba hayupo, mama yupo, ng'ambo, muda huu pengine amejinyoosha kwenye kitanda chake chenye matofali, mdogo wangu yupo, mimi nipo, na ile miguu iliyosafiri iko hapa juu ya uso wangu, bado imebeba.