Rafu ya Tatu

Mvua ya mchana ilikuwa ikilibembeleza bati la duka la dawa, na mfamasia alikuwa akiurudia mwongozo mpya kwenye simu huku kope zikimlemea. Uliingia asubuhi: ile dawa nyekundu ya kikohozi isipewe tena watoto wadogo, kwani inaweza kudhoofisha pumzi zao wakiwa usingizini. Alikwisha kuzishusha chupa zote na kuzifungia stoo. Kichwa kilikuwa kimeelewa. Mkono, wapi!

Mama yake mzazi aliingia na mjukuu mgongoni, mtoto anakohoa. "Nipe ile nyekundu, mwanangu."

Mkono ukainuka wenyewe hadi rafu ya tatu, mahali ulipozoea kwenda miaka yote, ukafumbata hewa. Akabaki ameunyoosha hapo hapo, na utamu wa kijiko cha dawa hiyo ya utotoni ukamjaa mdomoni. Dari likapanda juu, likapanda. Sauti ya mama ikawa mbali, kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya maji, naye anataka kuitika lakini kifua hakimpi pumzi.

"Imeondolewa, mama," alisema, akiushusha mkono. "Huyu bado mdogo. Ngoja kwanza nimsikilize kifua."

"Usinichoshe na vitabu vyako! Nyie nimewalea kwa hiyo hiyo. Wewe hasa: kijiko kimoja tu, unalala fofofo mpaka jirani anauliza kama umo ndani."

Mfamasia alimpokea mtoto, akamlazia sikio kifuani.

"Sikuwa ninalala, mama," alisema taratibu. "Nilikuwa ninazama."