Uvimbe wa Aksel na Moshi wa Bandani

Pua ya Tove iliheshimiwa mtaa mzima. Akisimama mlangoni kwake aliweza kukwambia nani ameunguza kitunguu na nani amekanyaga mavi ya mbwa. Kwa hiyo jioni ile alipokwenda banda la bustanini kuchukua mkasi wa mawaridi, akakuta mlango umepigwa kufuli, na kwenye nyufa za mbao inatoka harufu ya tumbaku ya plamu, hakuwa na la kuuliza. Harufu ile alikuwa amelala nayo kitanda kimoja karibu miaka hamsini. Ilikuwa ya kiko cha mumewe, Aksel, ambaye aliapa kwamba siku alipoambiwa ana saratani ya koo alikitupa kiko pamoja na kopo lake.

Pafukapo moshi pana moto. Na moto huu, Tove alijua, ungemchukulia mume.

Maana walikuwa wameelezwa wakaelewa. Daktari Signe, binti mwenye umri wa mjukuu wao, aliwaketisha kwenye chumba chake katika hospitali ya Aarhus na kuwaambia kuwa hapo hawatibu saratani ya koo, wanatibu saratani ya Aksel.

"Kila uvimbe una tabia yake," alisema. "Tumekata kipande cha huu wako, tumeupima vinasaba vyake. Ni mbishi. Katikati umejizoesha kuishi bila hewa, na mionzi bila oksijeni haiumi vizuri."

Aksel alikuwa amesafisha mabomba ya moshi ya nyumba za watu maisha yake yote, na hapo akanyanyua kichwa.

"Kama jiko lililoziba," akasema. "Utie kuni utakavyo, moto hauli."

"Hasa! Kwa hiyo kabla ya kila mionzi utameza vidonge vinavyofanya kazi ambayo hewa ingeifanya. Vitakuchafua tumbo, sikufichi. Na kiko, Aksel, ndiyo basi. Moshi ukiingia kwenye damu unakalia kiti cha oksijeni. Ukivuta, unaukinga uvimbe kwa mkono wako mwenyewe."

Kwenye foleni ya mionzi walikaa na bwana mmoja mwenye saratani ya koo vilevile, aliyevalishwa vilevile barakoa ya wavu ya kushikilia kichwa wakati wa mionzi, lakini hakupewa hata kidonge kimoja. Uvimbe wake ulikuwa wa kabila jingine, mpole kwa mionzi. Tove alimwonea wivu mpaka akajionea haya. Aksel wake alimeza, akatapika, akameza tena kesho yake. Sauti ilimkauka, yeye aliyekuwa besi wa kwaya ya kanisa. Ngozi ya shingo ilibabuka. Mwishowe hakuna kilichopita kooni ila supu baridi ya maziwa, ile ya wakati wa kiangazi, nayo kwa kijiko cha mtoto.

Hayo yote Tove aliyabeba kwa sababu ya kidole chake. Kila usiku kabla ya kulala aliupapasa uvimbe chini ya taya la mumewe. Matibabu yalipoanza ulikuwa kama yai la njiwa, na kila usiku alingoja kidole kimwambie umepungua. Hakusema kitu, naye Aksel hakuuliza, lakini ndiyo ilikuwa sala yao.

Usiku wa ile harufu hakumpapasa. Aliogopa kukuta yai liko palepale, tena limenona kwa moshi.

"Bandani kuna nini?" alimuuliza asubuhi.

"Vyombo," Aksel akanong'ona.

"Vyombo vinafungiwa kufuli? Ndani ya mji wetu huu mdogo wa Hornslet, ambako watu wanaacha baiskeli barabarani?"

"Tove, mke wangu, niache."

Naye akamwacha, kwa namna wanawake wanavyoacha, yaani alinyamaza kwa kelele. Sufuria zilijua. Jioni Aksel alitoka tena, akakaa bandani kidogo, akarudi na koti linalonuka plamu. Tove alilitundika koti nje kwenye mvua.

Ulipofika uchunguzi wa kila wiki Tove alishindwa kujizuia. Daktari Signe alikuwa bado hajakaa sawasawa.

"Anavuta," Tove akasema. "Nimechoka kumficha. Anavuta kiko bandani kila siku."

Daktari alimgeukia Aksel, na Aksel akatazama viatu vyake, mzee mzima.

"Kidogo," akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza.

"Kidogo! Unasikia, Daktari? Mimi naamka namsagia vidonge, naosha ndoo, yeye kidogo!" Tove alikuwa analia sasa, na hakujali nani anamwona.

Daktari Signe hakugomba. Alifungua droo, akatoa kifaa chenye mdomo wa plastiki. "Puliza humu, Aksel. Hiki kinapima gesi ya moshi iliyo kwenye pumzi. Nikijua unavuta kiasi gani nitajua la kufanya."

Aksel akasema hakuna haja, si ameshakubali? Akajidai kukohoa. Daktari akamngoja. Mwisho akapuliza, huku akimwangalia mkewe kwa huruma ambayo Tove hakuielewa.

Daktari alisoma, akatikisa kifaa, akamwomba apulize tena.

"Tove," akasema polepole, "mumeo hajagusa kiko. Pumzi yake ni safi kuliko ya kwangu, mimi ninayepanda baiskeli nyuma ya mabasi."

Wakaondoka. Tove ndiye aliyeendesha gari, na hasira ilikuwa imempanda upya, maana furaha yake haikujua pa kukaa.

"Mtu kukana alichofanya, hilo nalielewa. Hata wewe umenikania mengi. Lakini kukubali usichofanya, Aksel? Mbele ya daktari? Una kichaa?"

"Ngoja Jumapili," akanong'ona.

"Jumapili kuna nini?"

Akageukia dirishani, akawa anatazama mashamba ya shayiri kana kwamba hajawahi kuyaona.

Jumapili kulikuwa na nini Tove alijua vizuri. Ndiyo siku waliyooana, na sasa ilitimia miaka hamsini. Kwao watu hawaachi siku hiyo ipite. Majirani huja alfajiri, wakakuta mmelala au mnajifanya mmelala, mlango wenu umezungushiwa lango la matawi ya msonobari walilolisuka kwa siri, nao wanawaimbia mpaka mtoke na nguo za kulalia. Lakini mwaka huu Tove alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuwakataza. Hakutaka watu wamtazame Aksel shingo ilivyobabuka, wala aimbiwe mtu aliyenyang'anywa sauti. Lango la matawi mlangoni kwa mgonjwa aliliona kama la maziko.

Jumapili alfajiri akashtushwa na tarumbeta.

"Nilikataza!" akapiga kelele akiwa bado kitandani. Aksel alikuwa ameshavaa kandambili, anacheka bila sauti, anamvuta mkono.

Walipofungua mlango, mtaa mzima ulikuwa pale. Lango lilikuwa refu kupita mlango wenyewe, limesukwa likasukika, lina maua ya karatasi na namba hamsini ya dhahabu juu. Mbele kabisa alisimama Preben, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, akiimba kwa sauti ya fahali, na mfukoni mwa shati lake kimechomoza kiko. Kiko cha Aksel.

Pua ya Tove ikafanya kazi yake.

"Preben! Ni wewe uliyekuwa unavuta bandani kwangu?"

"Sasa nani mwingine?" Preben akakata wimbo. "Nyie mkienda hospitali, mimi naingia kusuka. Na mimi kusuka bila kiko siwezi, mikono inagoma. Mzee alishindwa kukitupa, akanipa mimi. Jioni anakuja kukagua na kunisimanga."

"Na mimi nimemshtaki mume wangu kwa daktari!"

Watu wakacheka mpaka tarumbeta likakosa pumzi. Tove akamgeukia Aksel, mkono kiunoni.

"Ungeniambia, wewe kichwa cha jiwe. Wiki nzima sijalala."

Aksel akamsogezea mdomo sikioni, maana sauti haikufika mbali zaidi ya hapo. "Ungelivunja. Nikaona bora ununue ugomvi na mimi, lango ulipate."

Tove akamkumbatia shingoni kwa uangalifu, pale ngozi ilipokuwa nzima. Kidole chake, ambacho wiki nzima kilikuwa kimegoma, kikaenda chenyewe chini ya taya. Kikatafuta yai, kikakosa. Kikarudi, kikabonyeza kidogo, kikakuta kitu kama punje ya dengu.

Akaanza kulia kwa kwikwi, kashikilia shingo ya mumewe. Majirani wakadhani analilia lango lao, wakaona fahari, wakaongeza sauti.